Nani Anaongea Hapa?

Wasee, leo hakuna video. Leo naandika tu, kwa sababu hii stori nikiisema mbele ya kamera nitaifupisha, na kufupisha ndiko kuliniletea shida mara ya kwanza.

Niko kejani, Pioneer, mvua ya Eldoret inapiga mabati utadhani inadai kodi ya nyumba. Kwa meza kuna kaunta buku moja nyeusi, kona zimeliwa, na kwa jalada nimeandika "PEPA YA SEMINA" kwa herufi kubwa za mtu aliyekuwa na matumaini. Wengi mnajua nilikuwa nasomea sheria na nikaacha mwaka wa tatu. Kila wiki kuna mtu anauliza kwa komenti, kwa hivyo nijibu mara moja: karo. Muhula uliisha nikiwa na deni, mitihani ikanipita, nikabeba godoro nikarudi huku. Hakuna siri nyingine.

Kile sijawahi kuwaambia ni kuhusu hili daftari.

Semina ya mwaka wa tatu ilikuwa hivi: unachagua swali lako, unalitafiti muhula mzima, unawasilisha rasimu mbele ya darasa, halafu unaandika pepa. Mimi nikaenda na "Uhuru wa kujieleza mtandaoni nchini Kenya", nikidhani nimechagua kitu kizito. Mhadhiri wetu, mama mmoja mpole sana hadi anakuogopesha, akaangalia karatasi yangu akasema, "Hii si mada, kijana. Hii ni maktaba nzima. Wewe unataka kujua nini?" Nilikaa wiki mbili bila jibu. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema na sikuwa na hata kitu kimoja cha kuuliza.

Mwishowe nilipata kesi. Mwaka 2015 kijana mmoja anayeitwa Geoffrey Andare, kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, alishtakiwa kwa sababu ya posti ya Facebook. Sheria iliyotumiwa ilikuwa kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kile kilichofanya kuwa kosa kutuma ujumbe "wa kuudhi sana", au wa uongo wa kumletea mtu kero ama wasiwasi bila sababu. Adhabu haikuzidi shilingi 50,000, au miezi 3 jela, au zote mbili. Andare akaenda Mahakama Kuu akasema kifungu chenyewe kinavunja Katiba. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakubaliana naye, kifungu kikaanguka. Kuudhi ni nini? Kero ni nini? Sheria haikusema, na kama sheria haikuambii mpaka uko wapi, utajuaje umeuvuka?

Nilisoma hiyo hukumu kwa simu, kitandani, saa nane usiku. Na hapa niwaambie kitu ambacho wasee wengi hawajui: hukumu za mahakama zetu ziko wazi kwa tovuti ya Kenya Law. Bure. Hakuna kulipia, hakuna kujisajili. Msee wa Langas mwenye bando ya shilingi ishirini anasoma hukumu ileile anayosoma wakili wa Upper Hill mwenye ofisi ya vioo. Ukiona [2016] eKLR, huo ni mwaka na jina la mkusanyiko. Siku hizi wanaandika KESC kwa Mahakama ya Juu, KECA kwa Mahakama ya Rufaa, na KEHC kwa Mahakama Kuu. Ukishajua hivyo tu, unaacha kuamini skrinshoti za WhatsApp zinazoanza na "Mahakama imesema".

Basi nikaanza kuandika noti. Nilikuwa nanakili kama mashine. Aya nzuri, nakili. Aya nyingine nzuri, nakili. Nyingine nilizichukua kwa simu nikazibandika kwa laptopu ya rafiki, bila namba ya aya, bila chochote. Kufika wiki ya sita nilikuwa na kurasa arobaini na nikawa najiona wakili tayari.

Siku ya kuwasilisha nikasimama mbele. Nikasoma aya moja tamu sana, inayosema jinsi kifungu kile kilivyo kipana na jinsi kinavyotisha watu wakanyamaza. Nikamaliza na, "Hayo ni maneno ya Jaji Mumbi Ngugi." Mwalimu akafungua hukumu kwa simu yake. Alikuwa amevaa miwani, akaishusha kidogo.

"Nani anaongea hapa?"

Nikarudia: jaji.

"Panda juu kidogo. Hiyo sehemu inaitwaje?"

Nikapanda. Ilikuwa sehemu ya hoja za mlalamishi. Nilikuwa nimesoma darasa zima maneno ya upande wa Andare nikiyapa jina la jaji.

Kama hujawahi kusoma hukumu ya Kenya, hili shimo hulioni hadi uko ndani. Jaji haanzi na uamuzi wake. Anaanza na kilichotokea. Halafu anaeleza, kwa kirefu na kwa haki, kile mlalamishi anadai. Halafu kile serikali inajibu. Kama kuna shirika limeingia kwenye kesi, na hapa Article 19 walikuwemo, nalo linapewa nafasi yake. Ndiyo sasa, baada ya kurasa na kurasa, jaji anaanza kuongea kwa sauti yake mwenyewe. Ukiingia katikati kama mtu anayepanda mat inayosonga, utasikia wakili wa serikali akiongea ukadhani ni mahakama. Unaweza hata kunukuu upande ulioshindwa kama ndio sheria ya nchi.

Nikajitetea. Nikasema, "Lakini mwalimu, si jaji mwishowe alikubaliana nao? Si ni kitu kimoja?" Akasema si kitu kimoja. Wakili anaweza kuleta hoja kumi, jaji akakubali mbili na zile nane nyingine asiziguse kabisa. Ukinukuu ya saba umebuni sheria. Darasa likacheka, si kwa ubaya, lakini nakumbuka masikio yangu yalivyochemka.

Alituonyesha kitu kingine siku hiyo. Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Majaji waliosikiliza hadi mwisho walikuwa sita: wanne wakafuta, wawili, Njoki Ndung'u na Jackton Ojwang', wakapinga. Wale wawili nao waliandika sababu zao, na zote ziko kwa rekodi ya kesi ileile. Ukifika huko bila kuuliza nani anaongea, unaweza kutoka na maneno yaliyoandikwa vizuri kabisa, ya jaji wa ukweli wa Mahakama ya Juu, na yakawa kinyume cha kile mahakama iliamua.

Kabla sijakaa akaniuliza swali la mwisho: "Na baada ya 2016 kulitokea nini?"

Nikasema nitaangalia. Kwa pambizo ya ukurasa wa 31 nikaandika "2018??". Alama mbili za kuuliza. Bado ziko hapa, naziona nikiandika hii.

Sikuangalia.

Sababu ni kwamba nilikuwa nimependa mwelekeo wa stori. Angalia: Aprili 2016, kifungu cha 29 kimeanguka. Februari 2017, kesi ya Jacqueline Okuta, Jaji Mativo anasema kumfunga mtu jela kwa kumchafulia mwingine jina hakupatani na Katiba. Aprili 2017, kesi ya bloga Robert Alai, Jaji Chacha Mwita anafuta kifungu cha 132 cha sheria ya adhabu, kile cha kudharau mamlaka ya afisa wa serikali. Tatu ndani ya mwaka mmoja na siku chache! Ukiziweka kwa mstari zinakuwa sinema, na mimi nilitaka ile sinema iishie hapo. Kuna utafiti wa kutafuta na kuna utafiti wa kutafuta mahali pazuri pa kusimama. Mimi nilisimama 2017.

Halafu mitihani ikanipita, kama nilivyosema. Mei 2024 nikawa nje. Juni mnaikumbuka wenyewe. Kila msee Kenya hii alikuwa anajua kifungu cha 37 cha Katiba kama namba ya simu ya mamake. Watu walikuwa na njaa ya sheria ambayo sijawahi kuona, na mimi nilikuwa na simu, taa ya pete ya shilingi 800, na daftari. Nikarekodi video ya sekunde arobaini: "Hawawezi kukushika kwa posti. Hiyo sheria ilifutwa 2016." Nikaonyesha hata jina la kesi kwa skrini, ionekane nimetafiti.

Video yangu ya kwanza kuvuka watazamaji elfu themanini. Nilinunua kuku.

Wiki tatu baadaye simu ikalia, namba sijui. Kijana, sauti bado inavunjika, labda miaka kumi na tisa. Alikuwa amepost jina na picha ya mtu mmoja wa mtaa wao, akisema amekula pesa za basari. Yule mtu akaenda polisi. Kijana akaitwa kituoni, na huko akaambiwa kuna sheria ya uongo mtandaoni. Akawajibu kwa ujasiri, "Hiyo ilifutwa, kuna video." Akaonyesha video. Yangu. Aliniambia afisa alicheka hadi akaita mwenzake aje aone.

Walimkalisha pale hadi jioni, simu ikakaa kwao. Mamake, mama mboga, alifunga kibanda mapema akaenda na mjomba. Mwishowe kijana akafuta posti, akaandika barua ya kuomba msamaha, mambo yakaishia hapo bila kufika kortini. Alinipigia kuniuliza kama kweli ilifutwa. Hakuwa amekasirika hata, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kisha mamake akachukua simu.

"Wewe ndiye ulimfundisha?"

"Pole sana, mama."

"Mimi sijakuuliza pole. Nimekuuliza kama ni wewe."

Nikasema ni mimi. Akakata.

Sikurudi kwa daftari siku hiyo, nisiwadanganye. Nilijificha. Niliendelea na video za chakula na za ile siku Eldoret ilifanywa jiji Agosti, zile za "jiji gani na huku stima imepotea". Nilirudi Oktoba. Nikafungua ukurasa wa 31, nikaanza na zile alama mbili za kuuliza.

Ilinichukua jioni moja. Moja! Mei 16, 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi sheria mpya ya makosa ya kompyuta na mtandao. Kifungu cha 22 kinahusu kuchapisha kwa makusudi data ya uongo au ya kupotosha ili watu waichukue kuwa ya kweli: hadi milioni 5, au miaka 2, au zote. Kifungu cha 23 kinahusu kuchapisha habari unayojua ni ya uongo, inayoleta hofu, vurugu au ghasia, au inayoweza kumharibia mtu jina: hadi milioni 5, au miaka 10, au zote. Soma tena ile ya zamani: elfu hamsini na miezi mitatu. Mlango uliofungwa 2016 ulifunguliwa upande wa pili wa nyumba, mkubwa zaidi, na mimi nilikuwa nimesimama kwa ule wa kwanza nikiwaambia watu pako salama.

Muungano wa mabloga, BAKE, ulienda kortini haraka. Mei 29, 2018, Jaji Mwita, yuleyule wa kesi ya Alai, akasimamisha vifungu 26 kwa muda. Ningeishia hapo tena ningekuwa na sinema nyingine tamu. Lakini Februari 20, 2020 Jaji Makau akatoa uamuzi kwamba sheria haivunji Katiba, na vile vifungu vikaanza kufanya kazi. Hapo nikajiuliza: sasa Mumbi Ngugi alisema hivi, Makau amesema vile, inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu wote wawili ni wa Mahakama Kuu, na jaji mmoja wa Mahakama Kuu hafungwi na mwenzake. Anaweza kumsikiliza, anaweza kumpita. Kinachowafunga wote ni kilichosemwa juu yao, na Katiba yenyewe, kifungu cha 163(7), inasema kila mahakama inafuata Mahakama ya Juu. Hili tulifundishwa mwaka wa kwanza. Nililiandika kwa mtihani, nikapata alama, na sikuwahi kuliingiza kwenye noti zangu.

Na kesi ya Okuta, ile ya kumharibia mtu jina? Nayo nilikuwa nimeisoma nusu. Iliondoa jela tu. Mtu bado anaweza kukupeleka korti ya madai akitaka fidia. Yule kijana wa basari angeweza kushinda polisi na bado auziwe mamake kibanda.

Mwalimu alikuwa ametupa mfano wa hii kitu darasani, na nimeupata kwa ukurasa wa 12, mwandiko wangu mwenyewe. Desemba 14, 2017, kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikasema hukumu ya kifo ya lazima kwa muuaji haikubaliki kikatiba. Korti za chini zikaanza kuwapunguzia hata waliofungwa kwa wizi wa mabavu. Halafu Julai 6, 2021 mahakama ileile ikatoa mwelekeo: tulizungumzia mauaji tu. Msee angeandika pepa 2022 akitumia Muruatetu ya 2017 peke yake, kila neno lake lingekuwa limetoka kwa hukumu, na pepa ingekuwa imeoza. Nilikuwa nimepigia mstari. Kwa rangi ya waridi.

Kwa hivyo nimeanza daftari upya, nusu ya pili ya hiyohiyo kaunta buku. Biro ya bluu ni mahakama ikiongea. Nyeusi ni mawakili na pande za kesi. Nyekundu ni mimi. Ukifungua ukurasa ukaona nyekundu imejaa unajua hapo ni porojo zangu, na kusema kweli kuna kurasa zimejaa nyekundu. Sinakili tena kwa simu na kubandika, naandika kwa mkono, kwa sababu mkono ukichoka unachagua. Kila kipande kina namba ya aya. Nasoma mwisho wa hukumu kwanza, pale kwenye maagizo, ndipo narudi mwanzo nikijua safari inaenda wapi. Na juu ya kila ukurasa kuna tarehe niliyoangalia kama bado ni sheria. Ukurasa wa BAKE unasema "14/10/2024". Baada ya hiyo tarehe, mimi si shahidi. Ukisoma hii mwezi ujao au mwaka ujao, ingia Kenya Law uangalie mwenyewe kabla hujanishika mkono.

Najua kuna mtu atasema, bro, wewe si mwanafunzi tena, pepa ya nani hiyo? Ni kweli, hakuna wa kuipokea. Nimefika kurasa kumi na nne. Swali langu sasa linaeleweka, na mwalimu angelikubali nadhani: kasoro zilizoangusha kifungu cha 29 mwaka 2016, je, vifungu vya 22 na 23 vimeziponya au vimezivalisha suti? Mimi naona suti, kwa kiasi kikubwa. Maneno ya 2018 yanadai ujue kwamba unachosema ni uongo, na hiyo ni afadhali kidogo. Lakini "kuweza kumharibia mtu jina" na miaka kumi kwa sentensi moja? Hata hivyo hiyo ni nyekundu. Bluu, kwa tarehe niliyowaambia, inasema Makau ameipitisha.

Ile video niliifuta, nikaweka ya kusahihisha. Ya kwanza watu elfu themanini, ya pili elfu moja na mia mbili. Zile namba nimeziandika pia, kwa pambizo. Yule kijana huwa ananitumia vitu kwa inboksi siku hizi kabla hajapost. Juzi alituma sauti ya mtu akilalamika kuhusu barabara, akataka kuandika "wakaazi wanasema". Nikamuuliza nani anaongea hapo. Akanyamaza kidogo, akasema ni jirani yao mmoja. Basi akaandika jirani mmoja.

Mamake sijaongea naye tena.

BAKE walikata rufaa. Baada ya ukurasa wao nimeacha kurasa mbili tupu, zina tarehe juu na hakuna kitu kingine, na biro ya bluu nimeiacha katikati.